Kompyuta Iliyosahau Diski Yake

Mzee Melkior Munisi alipoifikisha kompyuta yake Majengo, Jumanne moja ya mwezi wa tano mwaka 1998, alikuwa ameshakataliwa na mafundi wawili mjini. Wa kwanza hakutaka hata kuifungua. Wa pili, kijana mstaarabu aitwaye Gerson mwenye duka la kompyuta karibu na stendi, aliiwasha, akasoma maneno yaliyotokea kwenye kioo, akatikisa kichwa. Alimweleza mzee kwamba mashine ya umri ule haina vipuri tena, hata akienda Dar es Salaam atasumbuka bure. Halafu, pengine kwa sababu mzee aliendelea kusimama pale, akaongeza kwamba yupo mama mmoja fundi redio nyuma ya msikiti wa Majengo.

"Kompyuta hajui," Gerson alisema, "lakini yule mama hakubali kushindwa."

Fundi mwenyewe alikuwa Redempta. Wazazi wake walitoka Kibondo kuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari kusini ya mji, naye akazaliwa huko kambini, akasomea huko, na alipomaliza shule akaingia karakana ya kiwanda kutengeneza redio za mawasiliano za matrekta na malori. Kazi zilipopunguzwa, na yeye akapunguzwa. Alichukua bisibisi zake na mita yake ya kupimia umeme, akapanga chumba Majengo, akatundika kibao mlangoni. Kwa miaka sita watu walimletea redio, kaseti, pasi, feni, na mara mojamoja televisheni. Kompyuta alikuwa akiziona tu kwenye ofisi za watu, na kila alipoziona mikono ilimwasha.

Kwa hiyo alipoinua macho na kuona mzee mwenye koti la kijivu na mwanamke wa umri kama wake wameshika pande mbili za kitu kilichoviringishwa blanketi, na kona ya kioo inachungulia, alisimama kabla hawajabisha hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Nimeambiwa wewe ndiye fundi."

"Ndiye mimi. Wekeni hapa mezani. Polepole, hapo kuna pasi ya moto."

Mwanamke aliyefuatana na mzee alikuwa Aika, binti yake wa mwisho, mwalimu wa hesabu katika sekondari moja upande wa Shirimatunda. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili. Wakati Redempta akifunua blanketi, Aika alimnong'oneza, "Dada, naomba umsikilize kwanza. Wiki mbili hizi baba hali vizuri."

Redempta akavuta kigoda, akakaa, akamsikiliza.

Mzee Melkior alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini, karibu yote akiwa kwao Masama. Mwaka 1987 alikuja mtafiti mmoja kutoka Ulaya na miche ya kahawa ya aina mpya iliyochanganywa, miche mia tatu na kumi na miwili. Waliigawa kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani, vya watu sitini, huku mitano, kule sita, ikapandwa chini ya migomba pamoja na kahawa za zamani. Ilipoanza kuzaa, Melkior alipewa kazi ya kuizungukia. Misimu minne mfululizo alipita kwa miguu mti kwa mti, akihesabu punje nzima na punje zilizooza kwa chule buni, ule ugonjwa unaokausha kahawa ingali mbichi. Mwaka 1993 mradi ukafungwa. Mtafiti aliondoka, akamwachia mzee kompyuta na hesabu zote ndani yake.

"Na karatasi?" Redempta aliuliza.

"Karatasi nilizihifadhi darini. Mchwa wamezila."

"Vibao vya namba kwenye miti?"

"Vilikuwa vibati vidogo. Watoto walishaving'oa zamani wakavichezea." Mzee akaweka viganja juu ya magoti. "Mama, mvua hii ya El Nino umeiona. Tangu mwezi wa kumi hatujaona jua la maana. Huko juu chule buni imeingia kila kihamba. Punje zinageuka nyeusi, zinaanguka. Watu wamekata tamaa, wanang'oa kahawa wanapanda nyanya. Jana tu jirani yangu amelaza mistari minne. Sasa katika ile miti yangu, ilikuwepo kama kumi hivi ambayo haikuugua hata mara moja. Naikumbuka mikono yangu inaandika sifuri, msimu unaofuata sifuri, unaofuata sifuri tena. Lakini mti upi, kwa nani, mstari wa ngapi, siwezi kukuambia. Yamo humo ndani. Na huenda leo hii kuna mtu ameinua shoka juu ya mmoja wapo."

Redempta hakuuliza zaidi. Aliichomeka kompyuta kwenye umeme, akabonyeza swichi. Feni ikavuma, kioo kikapata mwanga, yakatokea maneno meupe ya Kiingereza. Aika aliyasoma na kuyatafsiri: betri imekwisha, mashine haijui tarehe ya leo, na haijui ina diski gani. Chini kabisa ilionyesha tarehe yake yenyewe, mosi Januari 1980.

"Inafikiri ni 1980," alisema Aika.

"Basi haijafa," Redempta akajibu. "Aliyekufa hafikiri."

Alizima, akachomoa waya ukutani, akafungua skrubu sita za nyuma na kuvuta ganda la chuma. Kilichokuwa ndani kilimfanya ainame mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Bodi pana ya kijani ilikuwa imelala chini, imejaa vipande vyeusi vyenye miguu mingi, na kati yake njia za shaba nyembamba zikipita kwa mamia. Hakujua kazi ya hata nusu ya vile vipande. Lakini pembeni, karibu na mahali pa kuchomekea kibodi, palikuwa na kitu alichokijua kama anavyojijua mwenyewe. Kilikuwa kipipa kidogo cha urefu wa nusu kidole, kimevikwa plastiki ya bluu, kimelehemiwa kwenye bodi. Ncha zake mbili zilikuwa zimetokwa na ukoko mweupe uliochanganyika na kijani, na ukoko huo ulikuwa umetambaa juu ya bodi kama ukungu juu ya mkate.

"Betri imevuja," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. "Mzee, njoo uone. Redio mia mbili zimeshanijia na ugonjwa huuhuu."

Akawaeleza alivyoelewa. Ndani ya mashine lazima kuna chipu inayokumbuka saa na kukumbuka ni diski gani imefungwa humo, na chipu hiyo inataka kulishwa hata mashine ikiwa imezimwa. Chakula chake ni hii betri. Betri imekufa, chipu imesahau. Diski yenyewe, ambayo ndiyo ina hesabu za mzee, huenda ni nzima kabisa, ila mashine haijui kama inayo.

"Ni kama mtu aliyesahau kwamba ana stoo," alisema Aika.

"Hivyo hivyo, mwalimu. Mahindi yamo, ila yeye anashinda njaa."

Mzee Melkior alivua kofia yake, akaiweka juu ya meza.

Mchana ule Redempta alikata miguu ya betri kwa koleo, akaitoa. Akamtuma Aika duka la jirani akalete siki. Kwa mswaki mkuukuu alisugua ukoko taratibu, nao ukachemka vipovu vidogo na kulegea. Akafuta, akasugua tena, akamalizia kwa pamba yenye spiriti. Halafu akachukua kibebeo cha betri kutoka kwenye redio iliyokufa, akatia betri tatu mpya za redio, akalehemu nyaya mbili pale ilipokuwa betri ya zamani, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Akawasha.

Kwa dakika tano alifurahi. Kisha akagusa zile betri, kama fundi yeyote anavyogusa kitu alichokifunga mwenyewe, akakuta zimeanza kupata joto. Aliweka ncha za mita. Betri tatu za redio zinatakiwa zisome volti nne na nusu. Hizi zilisoma nne nukta saba, na wakati anaangalia zikapanda nne nukta nane.

Alizima upesi na kuzing'oa.

"Kuna nini?" mzee aliuliza.

"Bodi inazichaji. Ile ya zamani ilikuwa ya kuchajiwa. Hizi zetu hazichajiwi, zikilazimishwa zinapasuka." Aliegemea nyuma, akacheka peke yake. Alikuwa amekosea, lakini kosa lenyewe lilikuwa limemwonyesha jinsi mashine ile inavyofanya kazi. Mashine ilikuwa imezungumza naye. "Tunataka mlango wa kutoka tu, usio wa kuingia."

Mlango huo alikuwa nao kwenye kopo la maziwa: dayodi, kile kipande kidogo cheusi chenye mstari wa fedha, kinachopitisha umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili. Aliilehemu kwenye waya wa chanya, mstari ukielekea kwenye bodi. Akawasha, akasubiri, akagusa. Betri zilibaki baridi.

Aika akaweka tarehe na saa kwa kibodi. Wakazima. Wakawasha. Mosi Januari 1980.

Hapo jua lilikuwa limeshaelekea kuzama na Aika alikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Mzee alikubali kulala kwa binti yake Shirimatunda. Kabla hajaondoka alimuuliza Redempta, bila haraka, kama kuna dawa.

"Njoo kesho asubuhi, mzee. Bado sijaanza kuchoka."

Kesho yake saa mbili asubuhi walimkuta ameshaegemeza bodi dirishani, miwani ya kukuza imebana jicho lake la kulia. Alikuwa anafuata umeme. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye dayodi, unaingia kwenye bodi, hapo uko. Unafuata njia ya shaba mpaka kwenye kipande kidogo, hapo uko. Kutoka hapo unatakiwa ufike kwenye chipu. Aliweka ncha moja ya mita huku na ya pili kule. Mita ilipaswa kulia. Ilikaa kimya.

Akakwangua kwa ncha ya sindano. Chini ya rangi ya kijani, mahali ambapo ukoko ulikuwa umelala miaka yote ile, njia moja nyembamba kama unywele ilikuwa imeliwa. Pengo lake lilikuwa dogo kuliko punje ya ulezi.

"Mwalimu," alisema bila kuinua kichwa, "nikatie kipande cha ule waya wa spika. Utoe uzi mmoja tu wa ndani. Mmoja."

Alishika uzi ule wa shaba kwa kibano, akautia risasi ya kulehemia, akaulaza juu ya pengo. Pumzi aliibana. Pasi ya kulehemu iligusa upande mmoja, ikainuka. Ikagusa upande wa pili, ikainuka. Akaweka ncha za mita.

Mita ikalia.

Mlio ule ni mdogo, kama wa mbu, lakini mzee Melkior aliyekuwa amekaa mlangoni aliusikia, akageuka. Hakuna aliyemweleza maana yake. Aliiona kwenye uso wa fundi.

Waliweka tarehe: Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Redempta akanyoosha kidole kwenye swichi ili azime wajaribu, na kabla hajaigusa, umeme wa Majengo nzima ukakatika. Feni ikanyamaza, kioo kikawa giza, redio ya fundi cherehani wa jirani ikakatika katikati ya taarabu.

Walikaa. Aika alitoa maandazi kwenye mfuko, akagawa. Mzee akasimulia jinsi alivyokuwa akivuka mito ya Masama wakati wa masika kufuata mti mmoja tu uliokuwa peke yake ng'ambo, na jinsi mtafiti alivyoteleza na kuangukia kwenye mfereji na daftari mkononi. Wote watatu walicheka kuliko kisa chenyewe kilivyostahili. Kila mmoja alikuwa anatazama betri tatu za redio zilizolala juu ya bodi, wakijua kwamba kama kazi imefanyika, basi humo ndani, bila umeme wa mtu yeyote, saa inatembea.

Umeme ulirudi baada ya dakika arobaini na kitu. Kompyuta ikavuma. Aika aliinama kwenye kioo, mkono wake umeshika saa yake.

"Saa nne na dakika hamsini na tano," alisoma. Akatazama mkono. "Saa nne na dakika hamsini na tano."

Redempta alisimama, akatoka nje, akatembea mpaka kwenye bomba la maji, akarudi. Hakuwa na la kufanya kule bombani. Alishindwa tu kukaa.

Ilibaki diski. Mashine sasa ilikuwa na kumbukumbu, ila kumbukumbu yenyewe ilikuwa tupu. Ilitaka iambiwe upya diski yake ikoje. Kwenye ukurasa wa kuwekea tarehe palikuwa na nafasi tatu za namba zikisubiri kujazwa. Redempta hakujua ni namba za nini, na hakuona aibu. Alikwenda kwa Gerson kwa miguu, akarudi na kitabu kinene kilichotoka jalada na Gerson mwenyewe nyuma yake, ameacha duka kwa mdogo wake.

"Umeifanya ikumbuke saa?" Gerson aliuliza mara tatu njiani, na alipofika akaitazama saa ile kwenye kioo muda mrefu. "Dada Redempta, mimi nilimwambia mzee aitupe."

"Ulimwambia pia aje kwangu. Hebu tuambie hizi namba."

Gerson alifafanua. Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka, na vichwa vinavyozisoma. Mashine inataka kujua sahani zina duru ngapi, vichwa ni vingapi, na kila duru imegawanywa vipande vingapi. Namba hizo huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Redempta akaifungua diski kutoka kwenye kitako chake, akaigeuza. Karatasi ilikuwepo. Unyevu wa Masama nao ulikuwepo. Doa la kahawia lilikuwa limekula katikati yake. Duru zilisomeka: 977. Vipande vilisomeka: 17. Pa vichwa palikuwa na doa.

"Tukikosea?" aliuliza mzee.

"Itasoma vitu visivyoeleweka," Gerson alisema. "Na ikiandika chochote juu yake ikiwa imekosea, inaweza kuharibu."

Kwa hiyo kubahatisha hakukuwepo. Aika alikuwa amechukua kitabu, anasoma akifuatisha kwa kidole. Alirudi ukurasa mmoja nyuma, akausoma mara mbili.

"Hapa wanasema ukizidisha hizi tatu, halafu ukazidisha kwa mia tano na kumi na mbili, yaani herufi zinazokaa katika kila kipande, unapata ukubwa wa diski yote. Ukubwa wake umeandikwa?"

Redempta akaipeleka karatasi kwenye mwanga. Pembeni kabisa, nje ya doa, palikuwa na 85 na herufi mbili.

"Milioni themanini na tano," alisema Gerson.

Aika akachukua kipande cha chaki kwenye mkoba wake, akaandika juu ya ubao wa meza. Mia tisa sabini na saba mara kumi na saba: elfu kumi na sita, mia sita na tisa. Mara mia tano na kumi na mbili. Chaki ilikatika, akaokota kipande. Mzee Melkior alikuwa amesimama nyuma yake, midomo inazidisha pamoja naye kimyakimya, maana ndiye aliyemfundisha kuzidisha.

"Kichwa kimoja kinabeba milioni nane na nusu," Aika alisema. "Nane na nusu katika themanini na tano..."

"Kumi," mzee akasema.

"Kumi. Hakuna kingine kinachoingia."

Redempta ndiye aliyeandika. 977. 10. 17. Akahifadhi, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Taa ndogo nyekundu ya diski ikawaka. Kitu kikakohoa ndani ya chuma, kikakohoa tena, kisha kikaanza kuvuma kwa sauti ya juu iliyokuwa ikipanda na kutulia, sauti ambayo mzee alikuwa hajaisikia kwa miaka mitatu. Mistari ikakimbia kwenye kioo. Ikasimama. Alama moja ikabaki inapepesa, inasubiri amri.

Gerson alinyoosha mkono kwenye kibodi, lakini mzee alimgusa bega. "Niachie, kijana." Alikaa, akavuta kiti, na kwa vidole viwili vya shahada aliandika neno moja, akabonyeza, akaandika lingine. Alikuwa hajasahau hata herufi. Kioo kikajaa mistari ya majina na namba.

Theodory Kweka, mstari wa pili, mti wa nne. Primus Lema, mstari wa kwanza, mti wa kwanza. Dominika Swai, karibu na mfereji. Mbele ya kila jina, safu nne za hesabu, misimu minne. Mzee alishuka nayo polepole, akisoma majina kwa sauti kama padri anayesoma orodha ya marehemu, ila wengi wao walikuwa hai na aliwachekea mmoja mmoja. Kisha akaacha kushuka. Kidole chake kiligusa kioo.

"Sifuri," alisema. "Sifuri. Sifuri. Sifuri."

Aika akafunika mdomo kwa mkono. Redempta aliona macho yake mwenyewe yanataka kumwaibisha, akajitia kutafuta bisibisi.

"Kabla hatujafurahi, tuandike," alisema. Aika akaandika kwenye daftari, mzee akisoma, Gerson akikagua. Baada ya hapo Gerson akanakili kila kitu kwenye diski ndogo mbili alizokuja nazo mfukoni, moja akampa mzee na nyingine akasema ataifungia dukani kwake. Miti isiyougua ilikuwa kumi na mmoja.

Jumamosi mzee alituma pikapu ya Parokia imchukue Redempta. Alikuwa hajawahi kupanda Masama. Maisha yake yote Mlima aliuona kutoka chini, kwenye miwa. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua, matope mekundu yakiruka mpaka kwenye kioo, na kadiri walivyopanda ndivyo migomba ilivyosogea pande zote mbili mpaka ikawa kama ukuta wa kijani unaotiririka maji. Nyumbani kwa mzee walimpa bakuli la mtori wa moto, akalimaliza akiwa amesimama. Hakuna aliyetaka kukaa.

Mti wa kwanza kwenye daftari haukuwepo. Kwa Theodory Kweka walikuta kisiki chenye utomvu bado mbichi, na nyanya changa zimefungiwa miti. Theodory alishika kichwa alipoambiwa. Wa pili ulikuwa chini ya msingi wa chumba kipya cha mtoto wa Primus. Wa tatu haukujulikana ulikufa lini. Mzee Melkior alifuta kila mmoja kwenye daftari kwa mstari mmoja ulionyooka, akatangulia.

Kwa Dominika Swai waliinama chini ya migomba, wakapita mistari miwili ya kahawa za zamani. Redempta hakuijua kahawa, lakini alijua kuona kitu kilichovuja. Kila tawi lilikuwa na punje zenye madoa meusi yaliyodidimia, nyingine zimekauka na kuning'inia, nyingine zimetapakaa chini kama samadi ya mbuzi. Harufu ya kuoza ilijaa kihamba kizima. Kisha mfereji, na ng'ambo ya mfereji, mti mmoja.

Ulikuwa umejaa. Matawi yalikuwa yameinama kwa uzito, punje zimesongamana fundo kwa fundo, kijani kitupu, zimekaza, zinang'aa kwa maji ya mvua. Mzee alishika tawi la chini, akalipitisha kati ya vidole kutoka shinani hadi nchani. Akashika lingine. Aika akaingia upande wa pili, naye akawa anatafuta. Redempta, asiyejua chochote, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kutafuta doa jeusi kwa bidii ileile aliyotafutia pengo kwenye njia ya shaba. Walitafuta kwa dakika nyingi. Hawakupata.

"Miaka kumi na moja," mzee alisema hatimaye, akiuambia mti. "Na mvua kama hii."

Kufika saa tisa walikuwa wamepata sita iliyosimama. Mti wa mwisho kwenye daftari ulikuwa kwa mjane aitwaye Mektrida, kihamba kidogo juu kabisa ambako ukungu ulikuwa umeshashuka. Mama Mektrida aliwapokea kwa mashaka, akidhani wametoka serikalini kuja kumuuliza kwa nini amepunguza kahawa. Mzee alimsalimu kwa Kichagga, akamweleza. Yule mama akasikiliza, akaweka mundu wake chini.

"Ule mti wa nyuma ya zizi?" aliuliza kwa Kiswahili, kwa ajili ya mgeni. "Huo siugusi. Huo hauumwi."

"Unajua hauumwi?"

"Si nina macho, bwana shamba? Tangu nyie mlipoacha kuja, naona mwaka hadi mwaka wenzake wanaoza, wenyewe unazaa. Mwaka juzi nikaanza kukata vichipukizi vyake, navichomeka kwenye udongo pale kwenye kivuli, navimwagilia. Vingine vilikufa, vingine vikashika." Akawaongoza nyuma ya zizi la ng'ombe. "Nilidhani watu wote wanajua."

Nyuma ya zizi, chini ya kivuli cha migomba, palikuwa na mti mkubwa uliojaa punje za kijani, na mbele yake, kwenye mistari mitatu iliyonyooka, ilisimama miche ishirini na sita ya urefu wa goti, majani yake mapana, meusi kwa afya. Aika aliihesabu mara mbili. Mzee Melkior aliitazama, akamtazama Mektrida. Akavua kofia, akamshika mama yule mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kwa muda mrefu.

"Mama Mektrida," alisema mwishowe, "mimi nilihesabu. Wewe umepanda."

Mektrida hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza kama wanataka vichipukizi au wamekuja kuangalia tu, maana mvua inarudi. Akamkabidhi mzee kisu chake kidogo, akaenda kuchuna magamba mabichi ya mgomba ya kufungia. Kwa saa nzima mzee alikata, Aika akapokea, na Redempta akafundishwa kuviringisha vichipukizi kumi kumi ndani ya gamba lenye unyevu na kufunga kwa kamba ya mgomba. Furushi la kwanza lilimfumuka, la pili lilishika. La tatu lilipendeza mpaka Mektrida akaligeuza mkononi na kusema kwamba huyu mgeni ana mikono mizuri, ni mtoto wa nani?

"Ni fundi kutoka Majengo," alisema Aika.

"Fundi wa nini?"

Redempta alikuwa ameng'ata kamba kwa meno, hakuweza kujibu. Mzee Melkior, bila kuinua kichwa kutoka kwenye mti, alianza kumsimulia Mektrida kisa chote tangu mwanzo: siki, betri tatu za redio, uzi mmoja wa shaba. Alikisimulia kwa Kichagga, Redempta hakuelewa ila neno moja moja, lakini aliona Mektrida ameacha kufunga mafurushi na anamsikiliza mzee mdomo wazi, mvua ikianza tena kudondoka juu ya migomba.